Kanzu Ndogo ya Samweli
Mafundisho ya mwisho wa mwaka kwa wakatekumeni wenye nyumba

(Someni kwanza: Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1 na 2:18-21, Injili ya Luka 2:41-52.)



Mwaka waelekea kwisha. Mvua imekwisha kushika nchi yote ya Likasi, toka Kambove mpaka ziwa la Tshangalele. Mahindi yaliyopandwa mwezi wa 11 yangali machanga, na ghala la mwaka jana limepungua. Tena huu ndio wakati ambapo kila nyumba yataka kula vema, kuvaa vema, na kuwapokea wageni wa Noeli na wa Bonane. Watoto wauliza habari za viatu. Mama ahesabu fedha ya likelemba. Baba awaza deni la mbolea na ada ya kijana aliye shule ya sekondari. Kila mtu afanya mipango moyoni mwake: mwaka ujao nitafanya hili, nitanunua lile.

Kupanga si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Lakini iko mipango ijengayo nyumba, na iko mipango iivunjayo polepole, wala wenyewe hawaoni mpaka siku ya msiba. Leo basi twende shuleni kwa mwanamke mmoja wa Agano la Kale, ili tujifunze kwake namna ya kufunga mwaka na kufungua mwingine. Jina lake ni Ana, mama wa nabii Samweli.

Ana alikaa miaka mingi bila mtoto. Kila mwaka alipanda Silo pamoja na mumewe Elkana kumtolea Mungu sadaka, na kila mwaka alirudi na machozi. Mwishoni Mungu akamsikia, akampa mtoto, naye akamtoa mtoto huyo amtumikie Bwana hekaluni tangu utoto wake. Ndipo Maandiko yasema neno dogo ambalo wengi hulipita haraka: kila mwaka mama yake alimfanyia kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mumewe kwa sadaka ya mwaka.

Tafakarini neno hili. Mtoto yuko mbali. Mama hawezi kumwita aje apimwe. Kanzu ya mwaka jana haimfai tena, kwa maana mtoto amekua. Basi Ana yampasa kumwaza mwanawe mwaka mzima: sasa amekuwa mrefu namna gani? Mabega yake yamepanuka kiasi gani? Kanzu ile haikufanywa kwa ajili ya majirani wa Ana, kwani wao hawakumwona mtoto akiivaa. Ilifanywa kwa ajili ya mwili wa Samweli tu. Na hakuipeleka peke yake. Alipanda pamoja na mumewe.

Kazi ya uzi katika nchi yetu

Lugha yetu ina neno moja, kufuma, kwa kazi ya mtambo wa nguo na kwa kazi ya sindano mbili na uzi wa sufu. Kwa hiyo sisi hatuoni umbali mkubwa kati ya wanawake wa Maandiko na mama aketiye barazani kwake, kule Kikula au Panda, na sindano zake mkononi.

Zamani, kabla ya mwaka 1966, mji wa Likasi ulipokuwa ukiitwa Jadotville, kampuni ya Union Minière ilikuwa na nyumba za mafunzo ya wanawake katika kambi zake. Watu waliziita fwaye, kwa kufuata Kifaransa. Humo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto wachanga. Kazi ya sindano imetoka mkono hata mkono, mama akimfundisha binti, binti naye akimfundisha mwanawe.

Wala sufu si pambo tu. Nchi yetu imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na miezi ya 6 na ya 7 usiku huwa na baridi kali. Mtoto mchanga, mzee na mgonjwa huteseka sana wasipofunikwa vema. Mama mwenye busara hangoji mwezi wa 6 ndipo atafute uzi. Huanza sasa, wakati wa mvua, jioni akiisha kutoka shambani: safu mbili leo, safu nne kesho. Asiye na fedha ya uzi mpya hununua sokoni sweta kuukuu kwa bei ndogo, akaifumua, akaufua uzi, akaunyosha, na kuanza tena. Kitabu cha Mithali, sura ya 31, chamsifu mke wa namna hiyo: atafuta sufu na kitani, afanya kazi kwa mikono yenye furaha, wala haogopi baridi ikija, kwa maana watu wa nyumba yake wamekwisha vikwa.

Historia ya mji huu yatufundisha neno jingine tena. Kampuni iligawa posho, nyumba, matibabu na shule, hata wengi wakazoea kusema kwamba kampuni ni baba, kampuni ni mama. Mwaka 1967 mali yake katika nchi hii ilikuwa ya taifa, na baadaye kampuni hiyo ya taifa iliitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ilikatika miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Siku zile nyumba nyingi zilishikwa na mikono ya akina mama: waliouza makala, mboga, unga na maandazi, na waliojua kushona na kufuma.

Hatusemi hayo ili kumdharau baba aliyepoteza kazi. Uchungu wake ulikuwa mkubwa, kwani alijiona hana kitu mbele ya wanawe. Twasema ili mfahamu kwamba nyumba haisimami juu ya mshahara peke yake. Husimama juu ya watu wake, wanaojuana na kusaidiana. Kampuni si baba. Baba ni mmoja, aliye mbinguni. Nao baba na mama wa hapa duniani wamepewa kazi ya kuuonyesha upendo wake mbele ya watoto.

Sasa tuangalie mambo matatu ambayo kazi ya uzi yatufundisha.

I. Mpime atakayevaa

Fundi wa kufuma haanzi kabla ya kupima. Apima kifua, apima mkono, aongeza kidogo, kwa maana mtoto hukua hata kazi haijaisha. Ndipo ahesabu vitanzi na kuvianzisha juu ya sindano. Akiacha kumpima mtoto wake, akatazama tu sweta nzuri ya mtoto wa jirani, atafuma kitu cha kusifiwa kisichomwenea mtu.

Mipango ya nyumba nayo ni vivyo hivyo. Watu wengi huanza kwa kutaja vitu: bati, baiskeli, simu, kikwembe kipya. Vitu hivyo si vibaya. Lakini ulizeni: ni kwa ajili ya nani? Bati hizo ni kwa ajili ya bibi alalaye mahali panapovuja, au kwa ajili ya macho ya wapitao barabarani? Baiskeli ni kwa kupeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitalini, au ni kwa sababu mwenzako anayo?

Kwa hiyo tusianze na vitu. Tuanze na majina ya watu. Mume na mke waketi, wamtaje kila mmoja alalaye chini ya paa lao, na waulize: huyu amekua namna gani mwaka huu, naye ahitaji nini? Mmoja ahitaji sweta. Mmoja ahitaji daftari. Mmoja, aliye kijana, ahitaji baba yake amkalishe chini na kusema naye kwa upole, maana mwaka mzima amesikia makaripio tu. Hilo la mwisho halinunuliwi, nalo mara nyingi husahauliwa.

Tena msimsahau mtoto wa marehemu ndugu yenu mliyempokea nyumbani. Katika nyumba nyingi mtoto huyu hupimwa mwisho, au hapimwi kabisa. Huvaa kilichobaki, hula kilichobaki, huchota maji wakati wengine wanasoma. Mkristu hana watoto wa mbele na watoto wa nyuma. Yeye aliyezaliwa Betlehemu, akavikwa nguo za kitoto na kulazwa horini, atawauliza habari ya huyo kabla ya habari ya bati.

Injili yasema kwamba Yesu alikua katika hekima na kimo (Luka 2:52). Basi hata Mama Bikira Maria alimwona Mwanawe akizidi nguo zake, naye akatengeneza nyingine. Miaka thelathini hivi Mwana wa Mungu alikaa Nazareti katika mambo kama hayo: maji, unga, mbao, nguo. Mtakatifu Papa Paulo VI alipofika Nazareti tarehe 5 Januari 1964, alisema kwamba nyumba ile ni shule, nayo yafundisha mambo matatu: kimya, maisha ya jamaa, na kazi. Ndiyo sababu Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Jamaa Takatifu katika siku hizi za Noeli, mwaka unapokwisha.

II. Kitanzi kilichoponyoka

Kila afumaye aijua taabu hii. Kitanzi kimoja kimeponyoka, naye hakuona. Akafuma safu nyingi juu yake. Sasa shimo laonekana. Akitaka aweza kulifunika kwa ua la uzi au kwa kifungo. Lakini nguo ikivutwa, shimo lapanuka chini ya ua lile. Fundi wa kweli hufumua mpaka mahali pa kosa, hata kama apoteza kazi ya siku tatu. Mikono yauma, na moyo pia. Lakini uzi haukupotea.

Tutoe mfano, wala tusitafute majina.

Mume na mke walikaa katika kijiji kilicho kando ya barabara iendayo Likasi. Walikuwa na watoto wanne, wa mwisho akiwa wa mwaka mmoja. Mume alilima, na kiangazi alikwenda kuchimba mawe ya shaba pamoja na vijana. Mke aliuza mboga, naye alikuwa katika likelemba ya wanawake kumi. Mwaka ulipokwisha, hawakuketi pamoja. Mume alisema moyoni: nitaweka fedha yangu pembeni, mke wangu asijue, ninunue pikipiki. Mke naye alisema moyoni: zamu yangu ya likelemba ikifika, sitamwambia mume wangu, maana ataila; nitanunua vikwembe niviuze. Uzi wa sweta ya mtoto mchanga ulitajwa mara moja. Mume alisema, “Fedha haipo.” Mke akajibu, “Kweli, haipo.” Wote wawili walijua kwamba walisema uongo.

Mwezi wa 7 ulipofika, usiku mmoja mtoto alishikwa na homa na kupumua kwa shida. Walimpeleka mjini. Muuguzi alisema ni kichomi, akataja bei ya dawa na ya kitanda. Mume alitoa fedha iliyofungwa katika leso. Wakati huo huo mke naye alifungua ncha ya kikwembe chake na kutoa ya kwake. Fedha mbili zikakutana juu ya kitanda cha mtoto. Hawakusema neno. Kila mmoja aliitazama fedha ya mwenzake.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini waliporudi nyumbani kimya kilikaa kati yao. Walikula bukari sahani moja na watoto, wakaenda pamoja katika mafundisho ya ukatekumeni, wala hawakutazamana. Fedha ile ingetosha kununua uzi mara nyingi. Lakini si uzi uliokuwa umewaumiza. Kila mmoja aliona kwamba mwenzake alimwogopa kama mtu wa nje.

Katika Majilio ya mwaka ule mke ndiye aliyeanza. Alisema, “Baba, nilikudanganya habari ya likelemba.” Mume alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Mama, nami nilikudanganya. Tena liko deni ambalo hulijui.” Jioni ile hawakumaliza maneno yote. Walitaja deni moja tu, na uchungu ulikuwako. Lakini walikuwa wameanza kufumua.

Ndugu wakatekumeni, sikieni vema hapa. Ninyi bado hamjapokea Sakramenti ya Kitubio. Kwa Ubatizo Mungu atawaondolea dhambi zote, ile ya asili na zile mlizotenda wenyewe. Neema hiyo ni kubwa kabisa. Lakini asiwepo mtu wa kusema: basi nitanyamaza mpaka Pasaka, maji yataosha yote. Maji ya Ubatizo huosha roho. Hayamrudishii jirani mbuzi wake, wala hayamwambii mke ukweli aliofichwa. Kazi hiyo yakupasa wewe. Atakaye kubatizwa huku akilishika lililoibwa, au huku akiazimia kuendelea na uongo wake, bado hajatubu. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake, mara hiyo alitoa ahadi ya kurudisha (Luka 19:8).

Tena fumueni kwa upole. Avutaye uzi kwa hasira aukata. Msikumbushane makosa ya miaka yote kwa usiku mmoja, wala msifanye hivyo mbele ya watoto au baada ya pombe. Na ikiwa mwenzako amekupiga, au akutisha, usikae peke yako na siri hiyo: mwendee katekista, padri, sista, au mzee mwaminifu wa ukoo. Upole si kukubali kuumizwa.

III. Funga safu ya mwisho

Kazi ikifika mwisho, vitanzi vyote hufungwa kimoja kimoja. Mtu akichomoa sindano tu na kwenda zake, safu ya mwisho hufumuka, kisha iliyo chini yake, na kazi ya miezi huharibika kwa sababu ya saa moja ya uvivu.

Vivyo hivyo mwaka. Wako watu wanaouacha mwaka bila kuufunga: usiku wa tarehe 31 Desemba ni ngoma na chupa, asubuhi ni kichwa kizito, na madeni, magomvi na nadhiri za mwaka jana zabaki wazi. Yatupasa tufunge. Uliyekopa, lipa, huwezi, mwendee mwenye fedha mwenyewe, umwambie siku utakayolipa, kuliko kumkimbia njiani. Uliyegombana na shemeji, tuma salamu kabla ya Noeli. Uliyesaidiwa, rudi useme asante. Na Mungu ashukuriwe kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetupa siku 365 ambazo hakuna aliyezinunua.

Lakini labda mmoja wenu asema: mimi sina cha kufunga. Shamba liliharibika. Mtoto wangu alishindwa darasa. Mimba yangu ilitoka. Niliazimia mambo matano, sikutimiza hata moja.

Wewe, ndugu, mkumbuke Ana tena. Kabla ya kupanda Silo na kanzu mkononi, alipanda miaka mingi na mikono mitupu. Njia ilikuwa ile ile, na Mungu yule yule. Mungu hakumkataa katika miaka ya machozi, wala hakumwambia arudi atakapokuwa na kitu cha kuonyesha. Panda hivyo hivyo. Kazi isiyokwisha si kazi iliyolaaniwa. Iache juu ya sindano, uifunike vema, uiendeleze Mungu akikupa mwaka mwingine. Mtakatifu Yakobo atuonya tusiseme kwa majivuno habari za kesho, bali tuseme kwamba tutafanya hili na lile Bwana akipenda (Yakobo 4:13-15). Neno hilo si la kumtisha mtu. Lampumzisha yeye aliyedhani kwamba nyumba yote iko mabegani mwake.

Vazi mtakalopewa ninyi

Mungu akipenda, siku ya Ubatizo wenu mtapewa vazi jeupe. Hamtalifuma wenyewe wala kulinunua. Maana yake ni kwamba mmemvaa Kristu (Wagalatia 3:27). Injili yasema kwamba kanzu ya Bwana haikuwa na mshono; ilifumwa nzima toka juu mpaka chini, nao askari hawakutaka kuipasua (Yohane 19:23-24). Wakristu tangu zamani wamewaza kwamba labda ni Mama yake aliyeifuma. Injili hainyamazi juu ya kanzu, bali yanyamaza juu ya mikono iliyoifanya. Ndivyo zilivyo kazi nyingi za akina mama: huvaliwa, wala jina la aliyezifanya halitajwi. Mungu alijua.

Nchi yetu ya Kongo ina mwanawe mmoja aliyefahamu maana ya vazi, Mwenye Heri Isidoro Bakanja. Alikuwa kijana mfanyakazi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavaa skapulari ya Mama Maria, ambayo ni kitambaa kidogo tu cha sufu. Mkubwa wa shamba alimwamuru aivue. Alipokataa, alipigwa mijeledi vibaya sana mwaka 1909, akakaa miezi na majeraha yake, akafa mwezi wa 8 mwaka ule ule, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Kitambaa kile hakikuwa na thamani sokoni. Alikivaa ili ajulikane yu mtu wa nani.

Nanyi mvae hivyo. Na kabla hamjavikwa, mvikeni mwingine. Katika mji wa Yopa alikuwako mwanafunzi jina lake Tabita. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro, wakilia, nguo alizowafanyia alipokuwa pamoja nao (Matendo 9:36-42). Hawakutaja mali yake. Walionyesha nguo zilizokuwa juu ya miili yao. Basi katika mipango ya nyumba yenu liwepo jina moja la mtu aliye nje: mjane, mgonjwa, mzee asiye na mtoto. Ukifuma sweta nne, ya tano iwe yake. Ukishindwa, iwe hata kofia.

Maazimio ya mwisho wa mwaka

1. Kabla ya Noeli, mume na mke waketi jioni moja, bila pombe wala wageni. Wasali Baba Yetu, kisha wataje majina ya watu wote wa nyumba, na mahitaji ya kila mmoja.

2. Kila mmoja aseme fedha aliyo nayo na deni alilo nalo. Asiye na mume au mke afanye hivyo mbele ya Mungu, na kama aweza, mbele ya ndugu mwaminifu.

3. Wachague mambo matatu tu ya mwaka ujao, wala wasichague kumi. Moja liwe la mwili, kama sweta za mwezi wa 6 au bati. Moja liwe la akili, kama shule. Moja liwe la roho, kama sala ya jioni pamoja na watoto.

4. Wachague mtu mmoja wa nje wa kumsaidia.

5. Tarehe 31 Desemba waende kanisani au kwenye kikanisa cha kijiji kumshukuru Mungu. Tarehe 1 Januari ni Sikukuu ya Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 pia ni siku ya kuombea amani ulimwenguni. Amani hiyo ianze katika nyumba yao.

Maswali ya katekista

Swali: Ana alipima nini alipomfanyia Samweli kanzu?
Jibu: Alimwaza mtoto mwenyewe na kukua kwake, hakutafuta sifa za watu.

Swali: Je, kupanga mambo ya mwaka ujao ni kukosa imani?
Jibu: Sivyo. Ni busara, tukipanga pamoja na tukisema: Bwana akipenda.

Swali: Ubatizo waondoa dhambi zote, je, waondoa pia wajibu wa kurudisha mali ya mwingine?
Jibu: Hauondoi. Mwenye kutubu hurudisha awezavyo, na huacha uongo.

Swali: Nyumba yasimama juu ya nini?
Jibu: Juu ya Mungu, na juu ya mume na mke waaminianao, wala si juu ya mshahara peke yake.

Swali: Asiyetimiza mipango yake afanye nini?
Jibu: Ashukuru, asikate tamaa, aendeleze kazi yake, kama Ana aliyepanda Silo kila mwaka.

Sala ya jioni ya mwisho wa mwaka

Ee Mungu Baba yetu, watujua kila mmoja kwa kipimo chake. Twakushukuru kwa mwaka huu: kwa chakula tulichokipata na kwa siku tulizolala na njaa, kwa waliozaliwa na kwa waliotutangulia. Utusamehe siri na uongo uliotutenga. Utupe moyo wa kufumua tulipokosa, na subira ya kuanza tena. Uibariki mikono ya mama na mikono ya baba. Umlinde mtoto asiye na wazazi aliye kati yetu. Na siku yako ikifika, utuvike Kristu Mwanao, tukae nyumbani mwako milele. Amina.

Yesu, Maria na Yosefu, mtuombee na mkae nasi.